Kadi 41 kwa watu 41: shajara ya mradi wa kadi za picha

Wiki ya 1

Mradi huu umezaliwa na aibu. Sikukuu iliyopita nilipokea picha ya maua yenye maneno ya heri kwa rangi ya dhahabu, nikaipitisha kwa kila aliyemo kwenye simu yangu. Haikupita saa moja, ikanirudia. Aliyenitumia ni binamu yangu, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtumia asubuhi ileile. Ama hakuifungua, ama aliifungua asijali imetoka kwa nani. Sijui lipi ni baya zaidi.

Basi mwaka huu hakuna kupitisha. Kila mtu atapata kadi moja ya karatasi, yenye picha niliyoichagua kwa ajili yake, kwa siku inayomhusu: kuzaliwa, ndoa, mahafali, mtoto mchanga, kustaafu, kutoka hospitalini. Nimeanza kuorodhesha watu, wakafika 63. Halafu nikajiuliza ni wangapi kati yao ninaoweza kuwaandikia sentensi mbili bila kudanganya. Wamebaki 41.

Nimefungua jedwali kwenye Excel: jina, tukio, tarehe, picha, maneno, anwani, hali. Safu ya hali inakubali maneno manne tu: bado, imechapwa, imetumwa, imefika. Leo mistari yote 41 inasema "bado", na nimeenda kulala nikijiona mtu wa maana sana.

Wiki ya 2

Ukubwa wa kadi. Nilidhani ni swali la dakika tano, limekula siku tatu.

Picha ya kawaida ya kusafishwa studio ni sentimita 10 kwa 15, yaani uwiano wa 3 kwa 2. Simu yangu inapiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Ukiingiza hii ndani ya ile, unapoteza sehemu moja ya tisa ya upande mfupi. Sehemu moja ya tisa si kitu, mpaka uone inapokata: kwenye picha ya kundi, ni kichwa cha yule mrefu nyuma au ni magoti ya watoto waliochuchumaa mbele. Nimejaribu picha tano, na katika tatu ilinibidi nichague nani abaki bila utosi.

Karatasi ya A6, milimita 105 kwa 148, inakata chini ya asilimia 6. Tena ina raha nyingine. Ukikunja A5 katikati unapata A6, ukiikata A4 vipande vinne sawa unapata A6, na bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162, imepimwa kwa ajili yake hasa. Kwa pikseli 300, yaani nukta za picha, kwa kila inchi, ambacho ndicho kiwango cha picha safi kwenye karatasi, A6 inataka pikseli 1240 kwa 1748. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina 4000 kwa 3000. Hapo hakuna shida.

Shida iko pembeni. Nilitaka picha ifike mpaka ukingoni mwa kadi. Kwa kawaida unaichapa kubwa kidogo, milimita 3 za ziada kila upande, kisha unakata ziada hiyo. Kadi inakuwa 111 kwa 154 kabla ya kukatwa, na hesabu yangu ya kadi nne kwa kila A4 ikafa palepale: zinaingia mbili, hata uzigeuze vipi. Isitoshe, printa yangu haichapi mpaka ukingoni.

Kwa hiyo fremu nyeupe. Nilianza na milimita 4, ikawa kituko. Kisu kikiteleza milimita moja tu, upande mmoja unabaki na 3 na mwingine 5, na jicho linaona kabla hujaona picha yenyewe. Nimepanua hadi milimita 9, na chini 16 pa kuandika kwa mkono. Kosa lilelile la milimita moja sasa halionekani.

Kadi 30 zitakuwa bapa, picha mbele na maneno nyuma. Kadi 11 zitakuwa za kukunja, kwa watu ambao sentensi mbili haziwatoshi.

Wiki ya 3

Nina folda ya picha 900 na kitu. Kanuni yangu ya kwanza ya kuchagua ilikuwa "picha nzuri". Nikachagua ishirini za mwanzo, nikazipanga kwenye skrini zikae pamoja, nikazitazama. Katika kumi na sita nimo mimi, na katika zote kumi na sita nimependeza. Nilikuwa naandaa maonyesho yangu mwenyewe na kuwatoza wengine makofi.

Kanuni mpya nimeiita jaribio la bahasha: kama kadi mbili zikibadilishana bahasha kwa bahati mbaya, mpokeaji atagundua? Kama hatagundua, picha hiyo si yake.

Jaribio hili ni kali kuliko nilivyodhani. Machweo ya jua baharini, nje. Keki yenye mishumaa, nje. Hata picha ya mimi na rafiki yangu tukitabasamu bega kwa bega, nje, kwa sababu nina tabasamu hilohilo na bega hilohilo na watu kumi na wawili. Iliyofaulu bila ubishi ni ya mwalimu wangu anayestaafu. Sina picha yake hata moja. Nilipekua daftari la zamani la hesabu, nikapiga picha ukurasa wenye wino wake mwekundu: mkwaju mrefu juu ya jibu langu na neno "Kwanini?" pembeni. Hayumo kwenye picha, nami simo, lakini hakuna mwanadamu mwingine ambaye kadi hiyo inaweza kumwendea.

Nimekiuka jaribio mara moja. Mtu wa mstari wa 23 tulifanya kazi pamoja miaka miwili na sina kitu kinachotuhusu sote. Nimempa machweo. Nilijua, nikampa.

Kazi nyingine ya wiki hii ni kuomba picha za watu. Nyingi zinakuja kwa WhatsApp zikiwa zimepunguzwa. Ile ya mahafali ya binamu ilifika na pikseli 1600 upande mrefu, wakati ya asili ina 4000. Kwa A6 nzima 1600 inakaribia kutosha, lakini mimi nilitaka nimkate yeye peke yake kutoka kwenye kundi, na akishakatwa anabaki na pikseli 500 na uso wa ukungu. Nikampigia mama yake.

"Shikamoo shangazi. Ile picha ya mahafali, naomba unitumie kama dokumenti, si kama picha."

"Marahaba mwanangu. Lakini hiyo ni picha, si dokumenti."

"Kweli shangazi, ila ukiituma kama picha inapungua."

"Inapungua nini? Mimi naiona nzima."

Nimesubiri binamu mwenyewe arudi nyumbani. Amenitumia kwa sekunde kumi.

Wiki ya 4

Wiki niliyodhani itakuwa nyepesi kuliko zote, kwa sababu ni maneno tu. Mpango ulikuwa kuandika kiolezo kimoja, kompyuta ichomoe jina kutoka kwenye jedwali na kulipachika. "Mpendwa" halafu jina, koma, "nakutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa."

Kadi ya kwanza kutoka ilikuwa ya shangazi huyohuyo. "Mpendwa", likafuata jina lake la kwanza, kavu. Nililiangalia nikahisi nimefanya utovu wa adabu mbele ya watu. Sijawahi kumwita hivyo tangu nijue kusema. Hata jina lenyewe, nilipojaza jedwali, nilikuwa nimemuuliza binamu, maana kwenye simu yangu yumo kama Shangazi Mkubwa. Watu wanaouza vitu ndio humwita mtu kwa jina lake kamili ili waonekane wanamfahamu. Wanaomfahamu wana namna yao ya kumwita, na jina lake halimo.

Nikaongeza safu: "namwita". Shangazi, mjomba, mama mdogo, kaka, dada, mwalimu, jina la utani la shuleni ambalo sitaliandika hapa. Mama wengine wawili wanaitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza na wala sikumbuki mara ya mwisho kusikia lao.

Kisha kiolezo kikaja kukwama kwenye sarufi. "Nakutakia" ni ya mtu mmoja, na nina wanandoa saba: "nawatakia", na "yako" inageuka "yenu". Safu nyingine, umoja au wingi. Halafu ndoa. Nilikuwa nimeandika "Hongera kwa kuoa", ikatoka kwenye kadi ya bi harusi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kadi mbili zangu zinakwenda kwa wote wawili kwa pamoja. Safu nyingine. Halafu mtoto: "umejifungua" ni ya mama, kwa baba ni "umepata mtoto". Halafu wazee, ambao kadi yao haiwezi kuanza bila "shikamoo", na wenzangu ambao ikianza hivyo watadhani nawadhihaki.

Ilipofika Ijumaa jedwali lilikuwa na safu kumi na nne, na bado kila kadi ilisikika kama tangazo la benki.

Ipo hadithi ninayoipenda hapa. Henry Cole wa London alikuwa na adha kama hii mwaka 1843. Miaka mitatu kabla ya hapo gharama ya kutuma barua nchini Uingereza ilishushwa hadi peni moja, watu wakaandikiana mno, na yeye hakuwa na muda wa kujibu kila mmoja. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi, zikachapwa nakala 1000 hivi, kila moja na nafasi tupu ya kujaza jina la anayetumiwa na la anayetuma. Kwa hiyo kadi ya sikukuu ya kuchapwa ilizaliwa ikiwa na pengo la jina, na ilizaliwa ili kuokoa muda. Mimi nimetumia wiki nzima kulifundisha pengo hilo adabu.

Nimefuta safu zote nilizoongeza wiki hii isipokuwa "namwita". Kitakachochapwa ni picha na maelezo mafupi: ni nani, lini, nini kinaendelea. Maneno yenyewe nitaandika kwa mkono, yote 41. Ni kazi ya jioni nne au tano, na nimeshapoteza tano tayari.

Wiki ya 5

Majaribio ya kuchapa. Yote yametoka meusi.

Skrini ina mwanga wake nyuma, karatasi haina. Picha iliyokaa vizuri kwenye simu huzama ikiwa kwenye karatasi, na uso mweusi wenye dirisha nyuma yake huzama kabisa: yanabaki meno na kola ya shati. Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuongeza mwangaza wa picha yote, ikawa dirisha limekula ukuta na uso umegeuka majivu. Kinachofaa ni kuinua sehemu za kivuli na za kati tu, na kuacha zinazong'aa zilivyo. Nimechapa uso mmoja mara sita kwenye karatasi moja, kila mmoja umeinuliwa kuliko wa nyuma yake, nikaupeleka dirishani mchana. Wa tatu ndio. Namba zake nimezibandika ukutani.

Buluu pia inabadilika. Gauni la mahafali lililokuwa buluu ya umeme kwenye skrini limetoka buluu ya kawaida, kwa kuwa wino hauwezi kutoa kila rangi ambayo mwanga unatoa. Nimeliacha.

Karatasi: niliyonunua kwanza inang'aa pande zote mbili. Picha nzuri ajabu, ila kalamu haiandiki nyuma. Wino unateleza kama maji juu ya jani la mgomba, na ukikauka unafutika kwa kidole. Nimebadilisha, sasa natumia isiyong'aa ya gramu 250 kwa mita mraba. Rangi zimepoa kidogo, mwandiko unashika. Sijutii.

Na mkasa wa siku: maelezo ya kadi ya mahafali, niliyoyahifadhi kwenye faili la maandishi na kulifungua kwa programu nyingine, yamechapwa hivi: "Endelea kungâ€™ara." Ile alama ya juu kwenye ng' ilikuwa ya mkunjo, faili limehifadhiwa kwa usimbaji (namna ya kompyuta kuandika herufi kwa namba) wa UTF-8, programu ikalisoma kwa usimbaji mwingine wa zamani. Alama moja ikageuka takataka tatu. Dawa ni kumwambia anayesoma asome kwa UTF-8, au kutumia alama ile iliyonyooka. Nimefanya yote mawili. Fonti ya mwandiko wa madaha niliyoipenda haikuwa na alama hiyo kabisa, iliweka kisanduku kitupu, nikaitupa.

Wiki ya 6

Kadi za kukunja zimechapwa kichwa chini upande wa ndani. Kumi na moja zote, kwa sababu nilikuwa na haraka na sikuchapa moja kwanza. A5 iliyolala, inayokunjwa kama kitabu, hugeuzwa kwa ukingo mfupi. Printa ilikuwa imepangwa kugeuza kwa ukingo mrefu.

Marudio yametoka sawa. Lakini mkunjo ukapasuka, ukaacha mstari mweupe uliochanika katikati ya picha. Karatasi nene haikunjwi hivihivi. Unapitisha kwanza mstari kwa kitu butu, mimi natumia kalamu iliyokwisha wino na rula, ndipo unakunja. Pia nyuzi za karatasi zina mwelekeo: ukikunja kwa kuzifuata inatii, ukizikata inagoma. Kujua mwelekeo ni rahisi, pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Inakolegea ndiko zinakoelekea nyuzi.

Wiki ya 7

Kundi la kwanza, kadi tisa. Nimeandika nyuma ya kila moja jioni mbili mfululizo, nikaziacha wazi siku nzima wino wa picha ukauke ndani kwa ndani kabla ya kuzifunga. Anwani kubwa katikati, kuelekea kulia. Stempu juu kulia. Jina langu nyuma ya bahasha.

Nne zimeondoka leo. Tano kesho.

Wiki ya 7, kesho yake

Sikuamini macho yangu. Nilikuwa nabandika anwani kwenye zile tano, nikaona bahasha yenye kadi ya mtu mmoja ina anwani ya mtu mwingine. Nikarudi kwenye jedwali. Juzi nilitaka kuona ni anwani zipi zinarudiwa, nikaipanga safu ya anwani kwa alfabeti. Safu ya anwani peke yake. Majina yamebaki pale yalipokuwa, anwani zimehama zote, nami nimechapa vibandiko juu ya uharibifu huo.

Vibandiko vina anwani tu, na jina nimeandika kwa kalamu ndani ya kadi, si juu ya bahasha, kwa hiyo hata posta haiwezi kushtuka. Kadi nne ziko njiani kwenda kwa watu wasio wake.

Nimerudisha nakala ya jedwali ya juzi. Kila mstari sasa una namba yake, namba hiyo imeandikwa kwa penseli nyuma ya kadi na kwenye kona ya bahasha, na haifungwi bahasha kabla namba mbili hazijaonana.

Wiki ya 8

Simu zimeanza.

Ya kwanza mjomba. Amepata ukurasa wa daftari la hesabu wenye wino mwekundu. "Mwanangu, ni mimi ndiye niliyekosea hesabu hii au ni wewe?" Nimeeleza, tumecheka, ameahidi kuipeleka kwa mwalimu yeye mwenyewe. Wanafahamiana, kumbe.

Ya pili mwalimu, aliyepata picha ya mtumbwi aliouunda mjomba. Hakupiga, ameandika ujumbe: "Nadhani hii si yangu. Ni mtumbwi mzuri." Ya tatu dada, aliyepokea machweo, akauliza kama niko salama. Alifikiri nimejiunga na kikundi cha kuuza vitu.

Ya nne ndiyo iliyoniuma. Mtu wa mstari wa 23, ambaye machweo yalikuwa yake, amepata kadi ya dada: mimi na dada utotoni, tumekalia ukuta, sote hatuna meno ya mbele. Ndani imeandikwa "Dada". Amenishukuru kwa moyo wote. Amesema hajapata kadi ya karatasi kwa miaka mingi, na kwamba watoto wale wamemchekesha, ni wanangu?

Nimekaa na simu mkononi muda. Nilidhani jaribio la bahasha linapima picha, nami nilikuwa nimempa huyu picha iliyoanguka jaribio kwa sababu niliamua hatajali. Nimempigia, nimemwambia ukweli, ile si yako. Tumeongea dakika arobaini. Katikati ya maongezi amekumbuka meza tuliyokuwa tukiishiriki kazini, yenye mguu mfupi tuliouwekea vipande vya karatasi vilivyokunjwa kwa miaka yote miwili. Mwenzetu mmoja bado yuko ofisi ile. Nimemwomba apige picha mguu wa meza.

Wiki ya 9

Sikufanya chochote.

Wiki ya 10

Mguu wa meza umefika. Karatasi bado zipo. Mstari wa 23 umerekebishwa, umechapwa, umetumwa.

Kadi ngumu ya wiki hii haikuwemo kwenye jedwali. Rafiki yangu amefiwa na baba yake. Mkono ulikuwa umeshafungua kiolezo kabla kichwa hakijafikiri, na nimeufunga. Je, mtu hutumiwa kadi ya picha kwenye msiba? Nilikwenda kumwona, nikakaa, nikasema pole, nikaondoka. Hiyo haikuwa siku ya picha.

Lakini ninayo moja. Baba yake amesimama mlangoni, amenyoosha mkono kumzuia mpiga picha, anacheka. Nilipiga mimi, na ninaamini familia hawana. Kuituma mapema ni kumpasua mtu kidonda kinachojaribu kufunga. Kutoituma ni kumnyima sura ya baba yake akicheka. Nimemuuliza mdogo wake kwa siri. Akasema ngoja, na wakati ukifika usiipambe.

Kwa hiyo imechapwa bila fremu ya rangi, bila "kwa heri", bila ua pembeni. Nyuma nimeandika mahali nilipoipigia na alichokuwa akisema: "Usinipige, sijavaa viatu." Ipo kwenye droo. Safu ya hali imebidi ipate neno la tano, "ngoja".

Wiki ya 11

Fupi. Mtoto mchanga: nilikuwa na picha nzuri aliyonitumia bibi yake, kadi imeshakatwa. Nimekumbuka kuwauliza wazazi kwanza, wakasema hawataki uso wake usambae bado. Nimechapa nyingine, mkono wa mtoto umeshika kidole cha baba. Ile ya kwanza nimeichana.

Zilizofika: 19. Zilizotumwa: 4. Ngoja: 1. Zilizobaki 18, maana sasa jumla ni 42.

Wiki ya 13

Babu anatimiza miaka 80. Hii ndiyo kadi niliyokuwa nikiiogopa tangu mwanzo, kwa sababu kila mtu atampa picha yake yeye mwenyewe akiwa mzee amekaa kwenye kiti.

Mjomba amenipa bati la picha za zamani. Humo kuna moja ya vijana watatu wamesimama mbele ya pazia la studio, sentimita 9 kwa 14, karatasi nene. Nimeigeuza: nyuma ina mstari katikati, kama kadi ya posta. Na ndiyo ilivyo. Kodak ilitoa mwaka 1903 kamera yenye filamu ya ukubwa wa kadi ya posta, na karatasi za picha zenye mgongo wa kadi zikawa jambo la kawaida. Watu walipigwa picha na kupewa kitu ambacho wangeweza kukitia stempu. Mstari wenyewe una historia yake. Kadi za posta zilipoanza kutumika Austria-Hungary mwaka 1869, upande mmoja ulikuwa wa anwani tu. Baadaye, picha ilipochukua upande wa pili, mtu akiwa na neno alilibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 maneno na anwani vigawane upande mmoja, Marekani mwaka 1907, na mstari ukachorwa.

Kwenye hii ya babu pande zote mbili za mstari ni tupu. Haikutumwa, haikuandikwa. Vijana watatu, pazia, basi.

Nimeiskani kwa 600 kwa inchi, inatoa pikseli zaidi ya 2100 kwa 3300. Mikwaruzo nimeiacha, nimefuta doa moja tu lililokuwa juu ya jicho. Mjomba amenitajia majina: babu katikati, mdogo wake kushoto, rafiki yao kulia, na mwaka. Nimechapa majina na mwaka nyuma, chini yake nikaandika kwa mkono. Shikamoo babu, na kuendelea.

Wiki ya 14

Babu amepiga simu. Huwa hapigi, hupigiwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimeipata picha yako. Nani kakwambia huyu wa kushoto ni mdogo wangu?"

"Mjomba, babu."

"Mjomba wako alikuwa hajazaliwa. Huyu ni mwenye studio. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akipiga, alimlazimisha mwenye studio asimame na sisi ampige yeye. Ndiyo maana imepinda."

Nimeichukua ile ya asili na kuiangalia. Imepinda kweli. Wiki iliyopita nilikuwa nimeinyoosha kwa kompyuta kwa nyuzi mbili na kufurahia jinsi ilivyokaa sawa.

"Na mwaka si huo," amesema. "Chukua kalamu."

Nimechukua kalamu. Ameongea saa nzima na dakika kumi, nimejaza kurasa tatu, na mwaka wenyewe hakuutaja mpaka nilipomkumbusha.

Ya kufanya Jumatatu: kadi namba 7 ichapwe upya, ikiwa imepinda. Nyuma pasichapwe kitu, pote pa kuandika. Itahitaji iwe ya kukunja.